Kovu Ubavuni pa Kikonyo

Jumanne ile Mama Vikonyo alifika kazini amechoka tayari, na hata saa mbili ilikuwa haijagonga. Hakuwa amelala vibaya. Uchovu wake ulikuwa wa miaka ishirini na miwili ya kutazama majani makavu na kuandika yalivyo: jani lina umbo la yai au la mkuki, kitako chake kimeviringika au kimebonyea, ukingo una meno au hauna, uso una nywele au ni mtupu, na nywele zenyewe zimelala au zimesimama. Ukiifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, hata binadamu huwaachi. Mhariri wao alikuwa mtu wa ukingo wenye meno. Mlinzi wa getini alikuwa na nywele chache, zimelala. Na yeye mwenyewe, akijitazama kwenye kioo cha chooni, alijiandikia kimoyomoyo: rangi ya hudhurungi, uso umekunjamana, ncha imeinama.

Jina hilo walimbandika wenzake. Kikonyo ni kile kishikizo kinacholishika jani lisianguke kutoka tawini, na yeye alikuwa mkali wa vikonyo: ukimletea jani lililochunwa likaacha kikonyo nyuma, utarudishwa ulikotoka, na maneno ya kutafuna njiani utapewa. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya kila mmea katika kitabu cha mimea yote ya nchi, cha kwanza cha namna hiyo kwa Kiswahili. Walipoanza, nusu ya maneno hayakuwepo, ikabidi wakae chini wayatafute. Pembe iliyo kati ya jani na tawi wakaiita kwapa, maana chipukizi hukaa humo kama kipimajoto cha mgonjwa. Vile vijani viwili vidogo vinavyoota ubavuni pa kikonyo, kimoja kulia kimoja kushoto, walibishana navyo mwezi mzima, mpaka mchoraji akachoka akasema, "Jamani, si visikio tu hivi?" Vikabaki visikio. Kitabu kilianza Mama Vikonyo akiwa na nywele nyeusi. Sasa kilitakiwa kwa mpiga chapa Ijumaa saa sita, hakuna cha kesho wala keshokutwa.

"Shemeji, njoo uone," mchoraji akamwita kabla hajaweka hata mkoba chini.

Mchoraji alikuwa na meza yake dirishani, penye mwanga. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wake, ndiyo maana alimwita shemeji mpaka leo. Mbele yake, ndani ya chupa ya maji, palikuwa na tawi bichi lililoletwa jana yake kutoka jabali la mbali. Yeye ndiye aliyeliagiza. Alisema sampuli kavu ya zamani imesinyaa mno, hawezi kuichora kwa ajili ya ukurasa wa mia tatu na tisa.

Ukurasa huo ulikuwa na habari yake. Mume wa Mama Vikonyo alikuwa mkusanyaji wa mimea, na kazini walimwita Mbuzi, kwa kuwa hakuna jabali lililomshinda. Miaka ishirini na miwili iliyopita alipanda jabali hilo hilo, akashuka na matawi arobaini katika mbao za kukandamizia, na homa mwilini. Matawi yalifika salama. Yeye alilazwa siku nne, akafariki. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Kati ya matawi yale lilikuwemo moja la kichaka kifupi chenye maua meupe, kinachofanana na mfagio, ule mti wa kawaida unaoota kando ya kila mtaro na ambao watu hukata matawi yake wakafagilia nyua zao. Kinafanana, ila jani lake lilikuwa dogo, na halikuwa na visikio. Mjane ndiye aliyeandika maelezo. "Visikio havipo," aliandika, na kwa maneno hayo mawili kichaka kikawa mmea mpya duniani. Kikapewa jina la Kilatini: la kwanza la ukoo wa mmea wenyewe, la pili la marehemu, limevikwa mkia wa kigeni kama bwana harusi aliyeazima koti.

"Umeandika havipo," mchoraji akasema. Akaligeuza tawi kwa ncha ya penseli. "Hivi ni nini?"

Kwenye jani changa kuliko yote, pale juu kabisa, palikuwa na visikio viwili, vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Majani ya chini yake hayakuwa navyo. Ndani ya chupa, juu ya maji, vilielea vingine viwili vilivyoanguka usiku.

Mama Vikonyo aliivuta chupa karibu.

"Mimi nachora ninachokiona, shemeji. Ukitaka nisivichore, sitavichora, na mtu hataambiwa. Lakini uniambie wewe, kwa kinywa chako."

"Ngoja kwanza," akajibu, na sauti yake mwenyewe ilimkera.

Alikwenda ghalani, kwenye makabati ya chuma yanayonuka dawa ya wadudu, akatoa jalada la sampuli ya mumewe. Njiani alikuwa akijipa moyo. Visikio vya mfagio huanguka mapema, siku ya pili au ya tatu. Tawi likikaushwa huwa havipo tena, bali hubaki kovu, kamstari kembamba ubavuni pa kikonyo. Kila anayeanza kazi hii hufundishwa wiki ya kwanza kwamba usiandike havipo mpaka umetafuta kovu. Asiyetafuta ameandika kwamba hakikuwepo kitu ambacho kimeanguka tu. Ni kosa la wageni wa kazi, na yeye wakati ule alikuwa mgeni. Kosa la ugeni husameheka, na ndilo alilokuwa akiliombea.

Akaiweka karatasi iliyobandikwa tawi chini ya hadubini. Tawi lilikuwa limekauka likawa rangi ya chai. Akatafuta kifundo cha kwanza, kikonyo, ubavu wa kikonyo. Kovu lilikuwepo. Na kwenye karatasi, pembeni mwa kovu, palikuwa na kitone cha penseli.

Tangu siku yake ya kwanza kazini Mama Vikonyo alikuwa na mtindo wa kutia kitone cha penseli pembeni mwa kila kitu alichokwisha kukitazama, asije akakirudia. Hakuna mwingine katika jumba zima aliyefanya hivyo; walimtania kwamba sampuli zake zina ndui. Kitone kile kilikuwa cha mkono wake. Maana yake alilitazama kovu lile miaka ishirini na miwili iliyopita, akaliona, akatia kitone, kisha akachukua kalamu akaandika havipo.

Aliketi na hadubini ikiwaka. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, ingawa alikuwa peke yake. Siku yenyewe aliikumbuka vizuri: miezi mitatu baada ya mazishi, amevaa sweta la marehemu, na mtu chumba cha pili anacheka. Alitaka kitu kimoja tu cha mumewe kisiwe cha kawaida. Hakuwa amedanganyika. Alikuwa amechoka kulia, akaandika alichokitaka.

Kulisahihisha kosa lile haikuwa kazi kubwa kwa kalamu. Ukurasa wa mia tatu na tisa ungeondoka pamoja na mchoro wake. Jina la marehemu lisingefutwa kabisa, kwa kuwa kitabu cha mimea hakitupi jina. Lingeshushwa chini ya mfagio, kwa herufi ndogo zilizolala, kati ya majina mengine ya makosa ya watu. Na asipolisahihisha, hakuna atakayejua ila yeye na mchoraji, na mchoraji ni mtu wa kufa na siri. Ubaya ulikuwa nyumbani.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe wake, mwenye miaka sabini na minane, miguu mibovu na ulimi mzima. Alipofiwa na mwanawe alimwambia mjane, "Kwenu ukitaka kurudi, rudi. Mimi sikufukuzi." Mjane hakurudi, na wakazeeka pamoja katika vyumba viwili. Ukutani, juu ya kiti cha bibi huyo, ulitundikwa ukurasa wa jarida lililoutangaza mmea ule, wenye yale maelezo, ndani ya fremu. Hakujua kusoma, lakini alikuwa ameyahifadhi yote. Hakuna aliyeingia nyumba ile akanusurika. Hata msoma mita za maji alisomewa. Bibi alipofika kwenye "visikio havipo" alipandisha sauti kwa fahari, kana kwamba mimea mingine yote ina kilema hicho na wa mwanawe umesalimika.

Jioni ile alimkuta anachambua maharage.

"Mama, nina neno."

"Sema. Inayochambua ni mikono, masikio yapo."

Mama Vikonyo aliketi kwenye kigoda akamwambia yote, bila kuzunguka, kwa sababu hakuwa na nguvu za kuzunguka. Alieleza kovu, akaeleza kitone. Bibi alisikiliza huku vidole vikiendelea kutupa mawe pembeni.

"Kwa hiyo hana mti," akasema mwishoni.

"Mti upo, mama. Ila si wake peke yake. Ni mfagio."

"Mfagio upi?"

"Huu huu wa mtaroni. Tunaofagilia."

Vidole vikasimama. "Hana mtoto," bibi akasema polepole, "na mti hana."

Lile la mtoto lilimchoma Mama Vikonyo penyewe, maana katika miaka yote hiyo bibi hakuwahi kulitamka.

"Na ulipokuwa unanisomea, mpaka nikahifadhi, ulikuwa unajua?"

"Nilijua siku ile nilipoandika. Baadaye nilijisahaulisha."

"Mtu hujisahaulisha?"

"Mimi niliweza, mama."

Bibi akasukuma ungo, akaomba asaidiwe kuinuka, akaenda kulala na jua halijazama. Kesho yake hakusema neno. Alikula alichopewa, akarudisha sahani, akatazama upande wa pili. Mama Vikonyo aliwahi kununiwa na watu wengi maishani, wakubwa wa kazi wakiwemo, lakini mnuno wa mtu unayemkanda miguu kila usiku ni kitu kingine. Alimkanda hivyo hivyo. Bibi alitoa miguu, hakutoa shukrani.

Kazini alimwambia mchoraji avichore visikio, mchoro uende ukurasa wa mfagio, kisha akaenda kwa mhariri kumwambia kwamba ukurasa wa mia tatu na tisa hautakuwepo. Mhariri alishika kichwa. Namba zote za kurasa za mbele zingebadilika.

"Leo ndiyo unaniambia? Jumatano? Mama, unataka kuniua?"

"Kama ningetaka kukuua, ningekuambia Ijumaa."

Mhariri hakucheka, lakini alichukua kalamu. Alhamisi asubuhi akamwita tena. Sampuli ya marehemu sasa ingeorodheshwa kwenye ukurasa wa mfagio, pamoja na namba yake na tarehe ya kukusanywa, na wino wa lebo ulikuwa umefifia. Haikujulikana kama ni tarehe tatu au nane.

"Daftari la mkusanyaji lipo wapi?"

"Nyumbani. Lililetwa pamoja na nguo zake."

"Limeandikwa tarehe ngapi?"

"Sijalifungua."

"Tangu lini?"

"Tangu liletwe."

Mhariri alimtazama kidogo. "Lebo aliiandika nani basi?"

"Mtunza ghala. Alinakili mahali, tarehe na kimo, maneno mengine akayaacha, lebo yenyewe ni ya ukubwa wa kiganja tu. Kisha daftari wakaniletea."

"Nenda kalifungue," mhariri akasema, safari hii bila meno. "Nenda sasa hivi, usingoje jioni."

Alifika nyumbani mchana, jua la kuchoma. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, chini ya fremu, akijifanya amesinzia. Mama Vikonyo aliingia chumbani, akavuta sanduku kutoka uvunguni, akaondoa shati, akaondoa sweta, akafika kwenye daftari. Lilikuwa na ganda gumu, dogo la kutosha kuingia mfuko wa suruali. Alikuwa amejiambia kwamba kulifungua kungekuwa kama kufiwa upya. Sasa aliona kwamba huenda aliogopa pia kingine, ila hakuwa na nafasi ya kukitafuta. Gari la ofisi lilimsubiri nje. Akapekua mpaka namba ya tawi lile, mia nne kumi na saba.

Mwandiko ulikuwa wa mtu anayeandika amesimama, upepo unampiga. Alisoma mara moja, akakaa sakafuni. Akasoma tena. Kisha akainuka, akaenda akasimama mbele ya kiti cha mama mkwe wake.

"Mama, najua huzungumzi nami. Usizungumze. Sikiliza tu. Huyu ni yeye."

Bibi akafumbua macho.

"Mia nne kumi na saba," Mama Vikonyo akasoma. "Tarehe nane. Kichaka, kimo cha magoti. Juu ya jabali, upande wa upepo. Ua jeupe. Nadhani ni mfagio tu, umedumazwa na upepo. Asubuhi majani ya juu yalikuwa na visikio, jioni nimevikuta vimeanguka ndani ya karatasi. Mke wangu atafute kovu."

Hakuweza kuendelea, na hapakuwa na zaidi. Machozi yalimtoka hivi hivi, bila kwikwi, ya mtu aliyechoka hata kulia.

"Soma tena," bibi akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumanne.

Akasoma tena, polepole, kama alivyokuwa akimsomea zamani ili ahifadhi. Bibi alifuata kwa midomo. Alipofika kwenye upepo aliinua mkono asimame kidogo, kisha akaushusha aendelee.

"Kwa hiyo yeye alisema ni mfagio."

"Alisema."

"Akakwambia na pa kutazama."

"Aliniambia, mama."

"Na ni kweli?"

"Ni kweli tupu. Hakukosea hata neno moja."

Bibi aligeuka akaitazama fremu ukutani. Nje dereva wa ofisi akapiga honi, hakuna aliyemjali.

"Mimi nilikasirika nikidhani umemvua kitu," akasema hatimaye. "Kumbe ulimvika. Miaka yote hii namsifu mwanangu kwa watu kwa kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolipatia nilikuwa silijui." Akafuta mdomo kwa upande wa kanga. "Umetukosesha, mwanangu. Mimi na wewe na yeye."

"Nimewakosesha, mama."

"Haya, acha kulia, gari la watu linangoja. Kaandike alivyosema. Na useme kwamba ndiye aliyesema. Ukirudi utanisomea nihifadhi upya, maana huu uzee wangu unataka muda."

Siku ya Ijumaa, saa tano na nusu, Mama Vikonyo alimpa mhariri ukurasa wa mfagio. Ulikuwa mrefu, kwa kuwa mfagio unaota kila mahali na una habari nyingi. Visikio vilielezwa: viwili, vyembamba, huanguka mapema na kuacha kovu ubavuni pa kikonyo. Chini kabisa, penye maelezo ya ziada, paliandikwa: "Kichaka cha jabalini ni mfagio huu, uliodumazwa na upepo. Aliyelitambua hilo kwanza ni mkusanyaji wake, siku aliyoukata. Kosa la kuvitenganisha ni la mwandishi wa maelezo haya, aliyeliona kovu asiliandike."

Mhariri akasoma, akarudia, akavua miwani.

"Sentensi ya mwisho si lazima," akasema. "Watu watakuona vipi? Miaka ishirini na miwili ya kazi, na jina lako lipo jaladani. Tuikate, nafasi yenyewe ni finyu."

"Kama nafasi ni finyu, punguza pale nilipoeleza nywele za jani. Hiyo ibaki."

"Una hakika?"

"Nimetazama," akajibu.

Mhariri akatia sahihi, akakimbia na kurasa kwa mpiga chapa. Mchoraji alimletea shemeji yake kikombe cha chai, akakuta amelaza shavu juu ya meza, amekwisha kulala, na hakumwamsha.